Kidonge cha Polepole Nilichokisaga

Assalamu alaykum, dada zangu. Mukae vizuri, maana mambo yangu yananuka.

Wakati wa vita nilikuwa nafanya kazi mu farumasi hapa mutaani kwetu Bwiza. Watu walikuwa hawalali sababu ya masasi, risasi usiku kucha. Dawa ya usingizi ilimushika mutu saa chache tu, kisha anaamuka na hofu yake. Dokta wetu akasema tutengeneze kidonge kinachotoa dawa polepole mpaka asubuyi. Tukachanganya unga wa dawa na nta, tukabana na mashini ya mukono. Kila kidonge cha kujaribu tulikitia mu glasi ya maji vuguvugu. Kikiyeyuka haraka, ndoo ya takataka.

Nawaambia bila aibu... apana, aibu ninayo: mi niliokota mu ile ndoo. Mume wangu alikuwa ameuawa, nilitaka kulala tu. Nilipangusa uchafu na kanga, nikatafuna. Baadaye nikaiba hata vile vizuri, navyo nikavitafuna, ili dawa yote inipige mara moja. Nikikumbuka ile ladha ya nta na nyongo, natema mate mpaka leo.

Siku moja jirani yangu akaniomba: "We mama, nisaidie, mi nimesahau usingizi." Nikamupa kimoja cha vile vizuri nilivyoiba. Kilikuwa kikubwa, koo likakataa. Munajua desturi yetu: dawa ikikataa kupita, tunaisaga, tunaitia mu chai. Nikasaga. Mi niliyekaa kutwa mbele ya glasi kuangalia nta inavyoshikilia dawa, nikaiponda ile nta kwa mikono yangu! Dawa ya usiku muzima akainywa kwa kikombe kimoja.

Alasiri ya kesho yake bado hajaamuka. Tulimuita, tukamumwagia maji, tukalia. Mwisho akafungua macho, akanitapikia, akasema: "Asante, mama. Nimelala."

Matapishi niliyafua. Ile asante haikutoka. Nilijichukia kama mutu anavyochukia funza.

Nikaenda kwa Dokta, nikasema yote. Alininyang'anya ufunguo wa kabati, lakini hakunifukuza. Akaniachisha dawa kidogo kidogo. Mungu amulipe. Na jirani yangu alinipikia uji siku zote nilizotetemeka, akidhani ni malaria.

Dada zangu, dawa musiyoijua musisage, muulize kwanza. Na mukimuumiza mutu, musikae miaka bila kumwambia, kama mi.

Jirani, jina lako silitaji. Uko hapa mbele yangu. Kila siku unasema mwili wako ni dhaifu kwa dawa. Apana, mama. Mwili wako ni muzima, ni mi nilisaga. Ile asante yako nimeileta. Ichukue, haikuwa yangu.