Kitambaa Kilichoshonwa Kikanyagwe: Orest Danylchuk, 1956–2022

Orest alizaliwa tarehe 14 Novemba 1956 mjini Winnipeg, kaskazini mwa reli, mtoto wa kwanza wa Vasyl na Stefania Danylchuk. Baba alichora watakatifu kwenye kuta za makanisa yetu ya Kiukraini, mjini na katika vijiji vya ngano. Orest alimshikia karatasi za dhahabu, nyepesi kiasi kwamba pumzi moja huzipeperusha. "Usipumue, we kijana," baba alimwambia. Orest alisema baadaye kwamba sinema alijifunzia hapo: watakatifu wamesimama safu kwa safu, kila mmoja ndani ya kisanduku chake, wakingoja mwanga.

Alisoma shule ya parokia, kisha Chuo Kikuu cha Manitoba, alikohitimu shahada ya sanaa mwaka 1978. Mama alikuwa ametarajia padri au, ikishindikana, daktari wa meno.

Kwa miaka ishirini na saba alifundisha uchoraji katika shule ya sekondari. Filamu alizitengenezea jikoni kwake: kumi na nne kwa jumla, fupi, zisizo na hadithi. Wachache walizitazama, na wachache zaidi walizimaliza. Aliukwaruza utepe wa filamu kwa sindano na kuupaka rangi kwa brashi ya baba. Mishumaa, mkate na dhahabu ya kanisani vilikaa humo pamoja na jambo ambalo kanisani hakuweza kulitamka, kwamba alimpenda mwanamume. Hakuwa akidhihaki. Alikuwa akiutafutia upendo huo mahali, na alijua ukuta mmoja tu uliostahili, ule wa kanisa.

Mwaka 1984 alikutana na Réal Desrosiers, fundi wa mabehewa kutoka St. Boniface, mtaa wa Wafaransa ng'ambo ya mto. Kwetu, maharusi husimama mbele ya padri juu ya kitambaa kirefu cha tarizi, rushnyk, ambacho mama hukitarizi miaka mingi kabla. Cha Orest kilikuwa tayari sandukuni. Januari 1988 alikichukua, akakitandaza sakafuni, na yeye na Réal wakasimama juu yake peku kwa dakika kumi na moja, kamera ikitazama miguu tu. Kisha akazizungushia nyayo zao duara la dhahabu, kama la watakatifu, picha moja baada ya nyingine kwenye utepe. Kazi hiyo ilimchukua mwaka mzima.

Filamu ilipoonyeshwa mjini, habari zilimfikia mama katika ukumbi wa chini wa kanisa, wanawake wakikunja pyrohy, vipande vya unga vyenye viazi ndani.

"Stefania, mwanao kakikanyaga kitambaa chako na dume zima, umesikia?"

"Miguu tu ndo inaonekana, dada," mwingine akadakia. " Ya huyo Mfaransa ina sugu kama kwato!"

Mama alipangusa unga mikononi, akaenda kukidai kitambaa chake.

"Umekikanyaga, Orest."

"Si ulikishona kikanyagwe, Mama?"

"Na bibi harusi, mpumbavu we!"

Akaondoka nacho. Hakuacha kumpikia, wala kumpigia simu kila Jumapili. Lakini filamu hakuitazama, na jina la Réal hakulitamka. Walipofunga ndoa ya serikali tarehe 11 Juni 2005, alituma mkate wa harusi, yeye hakuja. Orest hakumwomba jambo jingine maishani: "Itazame tu, Mama."

Oktoba 2021 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Machi mwaka huu mama, mwenye umri wa miaka tisini na mmoja, alitokea hospitalini alikolazwa Orest, amevaa koti lake la kanisani.

"Haya. Nionyeshe."

Réal alitundika shuka ukutani, akawasha projekta. Mama alitazama, mikono mapajani.

"Dhahabu hiyo ni ya baba yako," alisema. Kisha: "Januari ile, mbona hamkuvaa hata soksi?"

Orest alicheka mpaka muuguzi akaja.

"Sakafu ilikuwa barafu, Mama," Réal alisema.

"Nyamaza, Réal, natazama."

Alitazama mpaka mwisho.

Orest alifariki adhuhuri ya tarehe 21 Aprili 2022, Alhamisi Kuu kwa kalenda yetu, Réal akiwa amemshika miguu.

Ameacha mume wake, Réal Desrosiers. Mama yake, Stefania. Mdogo wake Daria, anayeyasoma maneno haya. Na wapwa wawili, Taras na Lesia. Mpangilio huu ni wa mama.

Kwa desturi yetu, jeneza litateremshwa kwa vitambaa vya tarizi. Kimoja ni kile. Hakijafuliwa tangu 1988, na alama za nyayo bado zipo. Kwa kaburi kilikuwa kifupi, hivyo mama amekiongeza pande zote mbili kwa uzi uleule mwekundu. Vingine watashika wapwa na majirani. Ncha moja ya hiki atashika Réal. Ya pili mama amesema ataishika mwenyewe, na tumeshindwa kumkataza.

Mungu ampokee Orest kwa amani, peku alivyo.