Jenereta Nyuma ya Darasa la Sita

Shikamooni wazazi wangu. Walimu wenzangu, habari za tangu asubuhi. Mama mwenyekiti ameniambia nisiharakishe, na nikishindwa nikae chini, hakuna atakayenicheka. Ahsante, mama. Hii ni mara ya tatu naombwa kusimama hapa. Mara mbili za kwanza nilituma ujumbe kwamba nina homa. Ndugu zangu, sikuwa na homa. Nilikuwa naogopa.

Majina sitataja, wala kijiji. Wapo humu ndani watakaokitambua. Nawaomba mnivumilie hadi mwisho.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, njia ya kwenda Mlimba. Shule ya kawaida tu ya huku kwetu: tofali za kuchoma, bati, na zile kuta za kati zisizofika juu. Mnazijua. Mwalimu wa la tano akisoma imla, la sita nao wanaandika. Tulikuwa na vitabu vya sayansi saba kwa watoto zaidi ya sitini. Basi wafadhili walipokuja na gari lao, wakasema wanatafuta shule mbili bondeni za kujaribia kufundisha sayansi kwa video, nilihisi kama Mungu ameniita kwa jina langu.

Walitaka mpango wa maandishi. Televisheni itakaa wapi, nani ataitumia, umeme utatoka wapi, tutajuaje kama watoto wanaelewa zaidi. Niliuandika peke yangu, siku mbili, mlango wa ofisi umefungwa. Sikumwita mwalimu hata mmoja, na hapo ndipo nilipoanza kukosea, ingawa wakati ule niliona ndio uhodari. Niliandika kwamba jenereta litajengewa banda la tofali, hatua thelathini kutoka madarasani. Waliusifu sana mpango ule.

Vifaa vilikuja kabla ya banda. Ilikuwa msimu wa mpunga, wazazi wote wamehamia mashambani, nani angefyatua tofali? Ningeweza kusubiri mavuno. Sikutaka. Tuliliweka jenereta nje chini ya paa la nyasi, tukatundika maturubai madirishani mwa la sita ili darasa liwe giza na picha ionekane, tukaanza. Na niseme kweli, watoto walifurahi. Waliuona moyo wa mtu unadunda kwenye kioo, darasa zima wakashika vifua vyao.

Masika yakaingia. Paa la nyasi likavuja, nikaogopa mashine itaharibika. Nikaamuru liingizwe stoo. Stoo ilipakana na darasa la sita. Nimeshawaambia habari za kuta zetu.

Mwalimu wa sayansi alikuwa binti, mwaka wake wa pili kazini. Wiki ya pili ya masika akaja ofisini.

"Mkuu, watoto wanaumwa vichwa tukiwasha ile mashine. Hata mimi. Jana wawili wametapika."

"Mwalimu, masika haya nani haumwi kichwa? Ni malaria hiyo. Wapeleke zahanati."

"Malaria ya Jumanne na Alhamisi tu, mkuu?"

Jumanne na Alhamisi ndizo zilikuwa siku za video. Nilimwambia asinifundishe kazi yangu. Nasikia sauti yangu mpaka leo.

Mwezi huohuo ikaja fomu ya tathmini, karatasi nne. Kulikuwa na sehemu imeandikwa "Matatizo yaliyojitokeza na hatua zilizochukuliwa", na chini yake mistari mitupu sita. Nilikuwa nimenong'onezwa kwamba shule itakayofanya vizuri, mkuu wake atachukuliwa ofisi ya elimu, awe anazunguka kufundisha wengine. Nikajiona tayari nina pikipiki ya serikali. Nikaandika neno moja: "Hakuna." Nikapiga muhuri.

Sasa niwaambie habari za mtoto.

Baba yake alikuwa mfugaji, Msukuma, aliyeshuka na ng'ombe wake bondeni miaka michache nyuma. Mtoto wake huyo, msichana, alikuwa hajasomeshwa. Nilikwenda kwake mara tatu kwa baiskeli kumwomba baba yule. Mara ya tatu akaniambia, "Nakupa, mwalimu. Lakini nakupa wewe, sio serikali." Tulimwanzisha darasa la pili moja kwa moja, akawafikia wenzake akawapita. Kufika la sita alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kuliko wote, na kwa sababu ya urefu nilimkalisha mwenyewe dawati la nyuma, chini ya ule ukuta wa stoo.

Ilikuwa Alhamisi. Mvua ya upepo. Nilikuwa nimetoa amri kali kwamba tone la maji lisiguse televisheni, kwa hiyo mwalimu akafunga mlango. Ndugu zangu, alifunga kwa amri yangu. Na siku hiyo tuliwachanganya la sita na la saba, vipindi viwili mfululizo. Mimi nilikuwa ofisini naandika barua. Nikasikia jenereta linaunguruma, nikasikia sauti ya kaseti inaeleza sehemu za ua. Nikawa najiuliza mbona leo darasa limetulia vizuri hivi.

Kisha mlango ukafunguka, yule mwalimu akatoka anatambaa kwa magoti. "Mkuu! Watoto!"

Tuliwavuta mmoja mmoja, kwa mikono, kwa miguu, tukawalaza mvuani. Wengi waliamka, wakatapika, wakalia. Nilishukuru kila aliyelia. Yule mrefu wa nyuma hakulia. Tulimkimbiza zahanati kwa trekta, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Mganga alimshika shingoni, akanitazama, akavua miwani yake.

Mazishini baba yake aliniuliza, "Mwalimu, mtoto wangu amekufa na nini?"

Nikasema, "Ni mapenzi ya Mungu, baba."

Wakaja watu watatu kuchunguza. Daktari alikwishaandika kwamba ni hewa ya sumu ya injini. Walitaka kujua kama kulikuwa na dalili kabla. Mwalimu wa sayansi akasema aliniambia. Wakanigeukia. Nikasema, "Sikumbuki." Halafu nikafungua faili, nikawatolea nakala ya fomu. Hakuna. Uongo wangu wenyewe ukanitetea, wazazi wangu. Yule mwalimu akaonekana ndiye aliyefunga mlango na ndiye anayejitafutia pa kujificha. Akafukuzwa kazi. Mimi nikahamishwa, kwa ukuu wangu uleule, shule ndogo upande wa Malinyi.

Kabla sijaondoka nilipewa barua ya matokeo ya uchunguzi, nikawasomee wazazi wa marehemu, kwa kuwa hawakujua kusoma. Sikuwasomea. Niliitia chini ya sanduku la nguo.

Kule Malinyi nilianza na pombe ya komoni jioni, nikaja kuanza nayo mchana, nikamalizia na gongo. Niliingia darasani nimelewa, nikiandika ubaoni mistari inapanda juu kama inakimbia. Watoto walinyamaza tu. Mke wangu alivumilia mvua moja na kiangazi kimoja, akachukua wanetu akarudi kwao Mahenge. Nilichokuwa nakiogopa kuliko vyote ni darasa tulivu. Likitulia nilikuwa napiga meza kwa fimbo mpaka waseme kitu.

Zaidi ya mwaka ukapita hivyo. Siku moja ya mnada wa ng'ombe, saa nne asubuhi, nimekaa nje ya nyumba yangu na kopo mkononi, nikamwona anakuja kwa miguu. Baba wa marehemu.

"Mwangaluka, mwalimu."

Sikuitika vizuri. Akavuta gogo akakaa. Alisikia harufu yangu, hakujisogeza.

"Nimeuliza njiani kila mahali, wamenielekeza hapa," akasema. "Mwalimu, watu wanasema mwanangu alirogwa. Wanasema ni mama yangu mzazi, kwa sababu macho yake mekundu. Maneno yalianza kijijini, yakafika kwetu. Ndugu zangu wamekaa kikao mara mbili. Kikao cha tatu ni keshokutwa. Unajua kikao cha tatu kinaishaje?"

Nilijua. Bibi angeuawa. Na niseme hapa, maneno yale hayakuanzia kwa wafugaji. Yalianzia palepale kijijini, kwa watu wenye kusoma na kuandika, wakati mimi bado nipo, na niliyasikia kwa masikio yangu nikanyamaza, maana yalikuwa yananisitiri.

"Mama yangu halali tena ndani," akaendelea. "Analala zizini na ndama. Mimi nimshike mama au niwashike ndugu? Wewe ulikuwepo. Niambie."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema ni mapenzi ya Mungu. Nawaapia. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Nikamtazama miguu yake, vumbi mpaka magotini, nikashindwa kulitoa. Nikaingia ndani, nikapekua sanduku, nikarudi na ile barua. Nikamsomea yote, nikimweleza kila neno gumu.

Akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Kumbe ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki mbili baada ya mazishi."

Akasimama. Alikuwa na fimbo. Nilitamani anipige, nadhani ningemshukuru. Akasema tu, "Utakuja kuisoma mbele yao."

Tulivuka mto siku ileile, tukatembea, tukalala njiani kwa ndugu yake, kesho yake tukatembea tena. Sikunywa. Mikono ilinitetemeka hata kushika kikombe cha maji nilishindwa, akanishikia yeye. Yeye, jamani.

Kikaoni walikuwa wanaume wengi, na vijana wamesimama nyuma na fimbo. Nilisoma barua. Halafu nikaikunja, nikasema yasiyokuwamo. Nikasema, mashine niliiingiza mimi. Mwalimu aliniambia watoto wanaumia, nikamfukuza ofisini. Waliponiuliza kwenye karatasi kama kuna tatizo, nilisema hakuna. Mtoto alikaa pale kwa sababu nilimweka pale. Bibi huyu hakufanya lolote.

Kijana mmoja akanijia na fimbo juu. Baba wa marehemu akasimama mbele yake mpaka kijana akaishusha.

Kisha bibi akatoka. Alikuwa amekonda hata nguo inamvaa yeye. Akauliza kitu kimoja, kwa Kisukuma, mwanawe akanitafsiria.

"Anauliza, aliumia?"

Nikasema, "Alilala, bibi. Walilala wote. Yeye hakuamka."

Bibi akakaa chini vumbini, akalia. Baadaye mwanawe aliniambia kwamba tangu msiba hakuwa amelia. Angelia wangesema anajifanya. Alikuwa amekizuia kifuani kilio cha kumlilia mjukuu wake muda wote ule.

Nikamwomba baba yule msamaha. Akasema, "Hilo bado silijui. Nenda sasa, kabla vijana hawajabadili mawazo."

Nilikwenda moja kwa moja ofisi ya elimu, hapahapa Ifakara, nikaandika maelezo mapya. Polisi nao nikawaandikia. Nilivuliwa ukuu, nikasimamishwa kazi muda mrefu, na niliporudishwa nilirudishwa mwalimu wa kawaida, darasa la tatu. Sikuonewa. Wapo humu wanaosema nilipata adhabu ndogo. Nakubaliana nao.

Yule mwalimu wa sayansi nilimkuta kwenye makambi ya mashamba ya miwa, anauza vitumbua. Hakunikaribisha ndani. Nilimwambia nilichoandika. Akaendelea kugeuza vitumbua vyake, akasema, "Nilikuja ofisini kwako mara moja. Nilipaswa kuja mara tatu." Nikamwambia asibebe hilo, si lake. Akaniambia nisimpangie cha kubeba. Alirudishwa kazini baada ya masika mengine mawili, na leo anafundisha. Hatuzungumzi. Ni haki yake.

Ndugu zangu, nawaambia hivi. Mashine zinakuja. Wenzetu wameanza kupata redio za masomo, na nasikia sekondari moja inaahidiwa kompyuta. Zipokeeni. Nchi haiwezi kurudi nyuma. Lakini kabla hazijawashwa, kaeni na walimu wote, hata aliyeanza kazi juzi. Ingia darasani, kaa dawati la nyuma kabisa, kaa kipindi kizima. Baada ya mwezi muulize mtoto, "Unajisikiaje?" kabla hujamuuliza amejifunza nini. Na ile sehemu ya matatizo kwenye fomu, mpe mwalimu anayeshika chaki aijaze mwenyewe, na wewe mkuu weka sahihi yako chini ya maneno yake hata kama yanakuchoma. Ukiona shule imejaza hakuna, nenda kaitembelee hiyo kwanza.

Nakishukuru kikundi hiki. Mlinipokea nikinuka pombe, mkanipa kiti. Namshukuru katekista aliyekuwa anapita kwangu kila asubuhi mwaka mzima kuhakikisha nimekunywa uji na si kitu kingine. Namshukuru mke wangu, yule pale karibu na mlango, aliyerudi bila kuniahidi kwamba atakaa, na amekaa.

Na namshukuru bibi. Alifariki mwaka jana, kwa uzee wake, kitandani kwake, wanawe wamemzunguka. Nililetewa habari, nikaenda. Nilisimama mbali, nyuma ya watu, maana sikujua kama nimeitwa au nimearifiwa tu. Wanaume walikuwa wanachimba kwa zamu. Baba wa yule mtoto akatoka kaburini amelowa jasho, akatazama watu, akanifuata pale nilipokuwa. Alinipa jembe, nikashuka nikachimba.