Ursula Teodori, Mama Jenifa: Aliyetazama Picha Kabla ya Watoto Wetu

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Nakwa na Bagara, ndugu zetu Waislamu mliofunga maduka yenu leo, na ninyi nyote mliosimama nje kwa sababu turubai limejaa, poleni sana kwa msiba huu. Familia imempa Edward Teodori, mdogo wa marehemu, kazi ya kusoma maisha ya dada yake, naye, ndiye huyu mnayemsikia, anaomba mumvumilie akikwama, maana marehemu alikuwa mtu wa maneno, na mtu wa maneno huwezi kumsimulia kwa mistari miwili ukakaa.

Marehemu Ursula Teodori Bura alizaliwa tarehe 3 Mei 1968 katika kijiji cha Tlawi, Mbulu, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Teodori Bura na mama Evangelina, wakulima wa ngano na maharage. Alianza shule ya msingi hapo hapo kijijini mwaka 1976 na kumaliza darasa la saba mwaka 1982, akiwa wa pili kwa alama darasani, lakini hakuendelea, kwa kuwa baba alikuwa ameumia mgongo na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kushika jembe. Aliumia moyoni, akalia sana, kisha akanyamaza na kwenda shambani, ingawa mpaka uzeeni alikuwa akimtania Edward kwamba ile kalamu anayojidai nayo ofisini ilikuwa ya dada yake. Mwaka 1986 masista walimpokea katika kituo chao cha ushonaji, akahitimu mwaka uliofuata, akashuka Babati na cherehani moja ya mkono.

Tarehe 17 Julai 1993 alifunga ndoa takatifu na marehemu Pantaleo Gwandu, fundi mwashi wa Nakwa, mtu mpole ambaye ukimweka mbele ya televisheni dakika kumi nyingi, amelala. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jenifa, aliyezaliwa mwaka 1994, na Clemence, aliyezaliwa mwaka 1998. Pantaleo alitangulia mbele za haki tarehe 9 Agosti 2011, na tangu siku hiyo dada Ursula alikuwa baba na mama katika nyumba ile, akawalisha na kuwasomesha wanawe kwa sindano.

Sasa kazi yake, wengi mnamjua kwa hiyo. Tangu mwaka 1995 alikodi kibaraza pale Bagara, ukuta kwa ukuta na banda la video la mzee Rehani, huyu hapa aliyekaa mbele. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao, kwa hiyo dada alishona sare za shule huku akisikia milio ya bunduki na vilio vya mapenzi kutwa nzima, na hakuona kama vinamhusu. Vilianza kumhusu mwaka 2006, siku ambayo Clemence, mtoto wa miaka minane, alitumwa maji na bibi yake Evangelina, naye akamjibu bibi neno ambalo haliwezi kurudiwa hapa mbele ya altare. Ooh, mtoto alichapwa! Alipoulizwa katoa wapi, akasema kwa mzee Rehani.

Dada aliingia bandani na futi ya kupimia bado ikiwa shingoni, akasimama mbele ya picha, watu wakapiga kelele atoke, hakutoka. Mzee Rehani alimpa pole, lakini akaapa kwamba filamu ile ni ya mambo ya shule, ya watoto kabisa, na kweli ilikuwa hivyo. Ndipo dada akagundua jambo ambalo wazazi wote wa mji huu tulikuwa hatujaliona: waigizaji walikuwa wanasema yao kwa lugha yao, na lile tusi lilitoka kwa yule kijana wa mjini anayetafsiri, anayeweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu na kuongeza utani wake ili watu wacheke. Sisi tuliangalia picha kwenye kava, tukiona watoto na mbwa tukasema nendeni, kumbe aliyekuwa anawafundisha watoto wetu kuongea hayumo hata kwenye picha. Mzee Rehani, kwa utani wake, akamwambia basi Mama Jenifa, kuanzia leo wewe zitazame kwanza. Alidhani ameshamaliza maneno. Kesho yake asubuhi dada alikuwa mlangoni na kigoda chake.

Kwa miaka mingi tangu hapo, mkanda wowote ulioingia pale Bagara ulipita kwanza mbele ya Mama Jenifa, naye alitazama kama mzazi, si kama mtaalamu, akisikiliza filamu kwa sikio moja na mtafsiri kwa sikio la pili. Hukumu zake zilikuwa tatu tu, waachieni, kaeni nao, au zimeni, na mnazijua. Kuna filamu ya vita aliyosema watu wamekufa wengi mno, lakini hakuna aliyemdharau mzazi wake, kaeni nao. Kuna katuni nzuri ya rangi rangi, kila mtu anaisifu, yeye akasema zimeni, kwa sababu mtoto anadanganya tangu mwanzo, na mwisho wanamnunulia baiskeli. Simu zilipokuja na lile kundi letu la wazazi, akawa anatuma sauti kila Ijumaa jioni, na wapo akina baba hapa waliojifanya hawasikilizi, kumbe wanasikilizia chooni.

Jenifa alimaliza kidato cha nne mwaka 2012, akaenda Dar es Salaam kujifunza ususi, na huko akaingia kwenye uigizaji, kwanza kwa kupita nyuma ya watu sokoni, kisha kwa kusema neno moja moja. Mwezi Novemba 2019 ikatoka filamu ambayo yeye ndiye mwenye sehemu kubwa, ameigiza binti anayemfukuza mama yake mgonjwa nyumbani. Alimpigia mama yake akiwa na furaha ya kulia, akamwambia mama, safari hii ni mimi mwanzo mpaka mwisho, utaitazama? Mji mzima ukangoja Ijumaa. Na Ijumaa ilipofika, Mama Jenifa akatuma sauti kama kawaida yake, akaeleza kwamba binti anamtukana mzazi, kwamba hakuna anayemkemea, kwamba inaisha akiwa kwenye gari jipya anacheka, kisha akasema zimeni. Akakata hapo. Kuhusu uigizaji wa mwanawe hakusema hata neno.

Sauti ile ilimfikia Jenifa siku hiyo hiyo, watu hawakosi. Akamwandikia mama yake, mama, hata kusema nimejitahidi imekushinda? Edward alimfuata dada yake, wakagombana vibaya jikoni, na dada akamwambia, nikimsifu wa kwangu leo, kesho nani ataniamini nikisema juu ya watoto wa watu? Alikuwa na haki, na haki ile ilimgharimu mtoto. Jenifa hakuja Krismasi hiyo, wala zilizofuata, na simu za mama yake hakuzipokea. Kila wiki alikuwa akimpigia mjomba wake Edward, akiuliza mama anakula, mama analala, lakini hakusema mpe simu, na dada naye alikuwa amekaa pale pale akichambua mchicha kwa umakini wa ajabu, sikio lote likiwa kwenye simu. Walipendana sana watu hawa wawili, na kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aanze.

Mwishoni mwa mwaka 2023 sauti ya dada ilianza kukwaruza. Alidhani ni mafua, tukamtania kwamba sasa hata wale watafsiri watapumzika, Mungu atusamehe. Mwezi Februari 2024 alipimwa katika hospitali ya mkoa, akapewa rufaa kwenda Moshi, na huko ikagundulika kuwa ni saratani ya koo. Alipata mionzi, akarudi Nakwa, akapata nafuu ya miezi michache, akashona sare za mwisho. Mwezi Juni mwaka huu sauti ilikatika kabisa, ukawa huwezi kumsikia mpaka uweke sikio midomoni pake.

Tarehe 7 Septemba, siku ya Jumapili, Jenifa alimpigia mjomba wake kama kawaida, akasema, mjomba, mpe mama simu. Miaka karibu sita tulikuwa tunalingoja neno hilo. Edward akamwekea dada simu sikioni, dada akafungua kinywa, na hakikutoka kitu isipokuwa pumzi. Jenifa akawa anaita, mama, mama, unanisikia? Machozi yalimshuka dada mpaka kwenye mto, akiitikia kwa kichwa, na kichwa hakisikiki kwenye simu. Edward akataka amsemee, dada akamkataza kwa mkono. Baadaye alimvuta karibu, akamnong'oneza, maneno mawili anapumzika, kwamba neno la kwanza juu ya filamu ya Jenifa alilisema mbele za watu, kwa hiyo na hili litasemwa mbele za watu, Jenifa aje, majirani waitwe Jumamosi, yeye mwenyewe akae kitini, na Edward awe kinywa chake. Akamwambia neno lenyewe, akamtaka alirudie mpaka akaridhika.

Jenifa aliaga kazini, akapanda basi alfajiri ya Ijumaa, tarehe 12 Septemba 2025. Saa nne asubuhi ya siku hiyo hiyo dada Ursula alikata roho nyumbani kwake, Clemence akiwa amemshika mkono, viti vya majirani vikiwa vimeshaazimwa kwa ajili ya Jumamosi. Mnavikalia sasa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa na wale wa Moshi, ambao hawakuchoka naye, jumuiya ndogo ndogo ya Nakwa, mama zetu mliompikia uji mwepesi na kumgeuza kitandani, mafundi cherehani wenzake wa Bagara, na mzee Rehani na mkewe, ambao walituletea gari bila kuombwa. Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, mama mzazi na mdogo wake mmoja. Hatuna cha kuwalipa, Mungu awazidishie.

Limebaki agizo lake, na Edward atalisoma kama alivyolirudia mbele yake, bila kuongeza. Amesema hivi: Jenifa mwanangu, simama nikuone. Filamu yako kwa watoto bado nasema izimwe, hapo sibadilishi. Lakini siku ile niliitazama kama mama wa watoto wa watu wote, nikasahau mama yako wewe ni nani. Nimeitazama tena, nikiwa peke yangu, mara nyingi. Ulipomfukuza yule mama na kufunga mlango, nilikuchukia, mimi niliyekuzaa, nikasahau kabisa kwamba ni wewe. Katika picha zote nilizotazama kwa Rehani, hakuna mwigizaji aliyewahi kunifanyia hivyo. Umejitahidi, mwanangu. Umejitahidi sana, na ilinipasa kulisema siku ile ile.

Ndilo agizo. Pumzika, dada Ursula. Ulichotaka kisemwe mbele za watu kimesemwa, na mtoto wako amesimama hapa, amekisikia.