Chuma Kinachonuka Kitunguu Saumu

Jana kijiweni, kwenye benchi la mbele ya kinyozi, kila mtu alikaa mbali na Maabara. Tunamwita hivyo kwa sababu ndiyo kazi yake: huko chuoni anasaga vitu vya majaribio viwe unga. Juzijuzi kasaga kitu kipya, chuma kilichochanganywa na madini adimu yaitwayo teluri, na tangu hapo mdomo wake unanuka kitunguu saumu. Mkewe anaamini anapikiwa na mwanamke mwingine, kamhamishia sebuleni. Basi alikuja tumtungie maneno ya kumwambia shemeji, na sisi, kwa maneno, hatujambo.

— Kwanza, hicho chuma kina kazi gani? akauliza Betri, fundi simu.

— Upande mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, kinatoa umeme. Ukikipitishia umeme, upande mmoja unapoa. Bado wanakijaribu.

— Lo! Mimi nakishonea shati. Joto la kwapa linachaji simu. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Wewe na kwapa lako! akadakia Wakili, ambaye mahakama kaiona kwa nje tu. Kibandikwe kwa mama mkwe wangu. Akiwaka, mtaa mzima unapata taa.

— Na akinuna? akauliza Betri.

— Friji!

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Maabara hakucheka.

— Jamani, mwenzenu nalala kwenye kochi!

— Mwambie shemeji hiyo ni harufu ya maendeleo, akasema Wakili. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Kwani barakoa ya kuzuia vumbi lake hukuvaa? nikamuuliza Maabara.

— Nilivaa siku ya kwanza. Ikanibana masikio.

Mara shemeji mwenyewe huyo, anatoka kazini. Wakili akasimama, akamwaga yote: umeme, friji, hadi mama mkwe. Shemeji akasikiliza, kisha akamsogelea mumewe na kumnusa mdomo mbele yetu, bila haya.

— Kwa hiyo si mwanamke.

— Haki ya Mungu, si mwanamke.

— Ni hicho chuma. Kimo ndani yako.

— Ndiyo, mke wangu.

Nilidhani atafurahi. Akatugeukia, macho yamemjaa machozi.

— Nyie mnaozijua kazi zake zote, kitamtoka lini?

Betri akachungulia kikombe chake. Wakili akakaa. Na mimi niliyejitia kuuliza barakoa, nikaona aibu.

Shemeji akamshika mumewe mkono.

— Inuka, twende hospitali. Na leo unalala kitandani, unuke usinuke.