Bi Dija Aliyekata Ua

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa shikamooni, na nyie wanangu hamjambo? Leo tunamkumbuka Bi Dija Shuaibu wa Zinga, tuliyemzika Ijumaa. Bi Dija, aliyekata ua.

Miaka mitatu iliyopita mwanawe, Ausi, alifariki kwa ajali ya pikipiki. Samia, mke wa Ausi, alikuwa amepakiwa nyuma. Alipasuka bandama, hospitali wakaliondoa.

Kisha likaja jingine. Bandama likiondolewa, chembe zinazogandisha damu huweza kuzidi mno. Za Samia zilipita milioni kwa kila kitone cha damu, zaidi ya maradufu ya kawaida. Daktari akaeleza kuwa damu ingeweza kuganda ndani ya mishipa, ikamuua. Akampa dawa ya kuzipunguza, na aspirini. Akasema: anywe maji, atembee, asikae kitako kutwa.

Lakini Samia alikuwa amekaa eda ya mumewe, hatakiwi kutoka nje ovyo. Sheikh alimruhusu kwenda kutibiwa. Kutembea barabarani kila siku ndiko kulikomshinda, kwani maneno yalishaanza: "Mume hajapoa kaburini, huyu mguu na njia!" Akajifungia chumbani.

Siku moja mguu ukamuuma. Bi Dija akamkimbiza hospitali. Damu ilikuwa haijaganda. "Haijaganda bado," daktari akawaambia.

Waliporudi, Bi Dija alishika panga, akaukata ua wa makuti uliowatenga na Fatmabai, jirani yake mwenye duka.

"Bi Dija! Wanibomolea?"

"Nampa mwanangu njia."

"Basi kata pakubwa, nami nipite na unene wangu huu!"

Nyumba za mbele nazo zikakata, hata ya yule aliyeanzisha maneno ya mguu na njia. Samia akatembea ua kwa ua bila kukanyaga barabara. Bi Dija alikuwa naye, jagi la maji mkononi. "Kunywa, mwanangu. Nimezika mmoja. Sitaki kuzika wa pili."

Samia ameniambia: "Nikichoka, mama ananiambia, twende tukamsalimie Fatmabai. Namwambia, mama, si tumetoka kwake sasa hivi? Ananijibu, kwani salamu zinaoza?"

Mwezi baada ya mwezi, chembe zikashuka. Samia ni mzima.

Ijumaa, wanawake hawakuja msibani kwa barabara. Walipita uani. Wa kwanza alikuwa Fatmabai, sufuria la wali kichwani, akapita bila kugusa kuti.

Pole, Samia. Poleni wafiwa wote. Mola amlaze Bi Dija pema.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, uangalieni ua wenu leo. Upande wa pili yupo nani, na panga mmeliweka wapi?