Salamu za Mikono ya Birika

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wetu,

Karibu katika ukumbi huu mdogo wa hospitali. Anayekusomea ni dada yetu mkubwa, fundi cherehani. Vidole vikimkaza na karatasi ikamganda mkononi, usishtuke. Atasubiri vilegee, kisha ataendelea.

HISTORIA YETU

Sisi ni watu kumi na saba wa ukoo mmoja. Tisa kati yetu tumezaliwa na kalsiamu pungufu katika damu. Kiganja hupinda chenyewe kama mdomo wa birika, na wengine huanguka na kutupa miguu. Mtaani wakatuita Mikono ya Birika, wakidhani hatuwapi mkono kwa uchoyo. Marehemu babu alimeza dawa za kifafa miaka thelathini, naye hakuwa na kifafa. Hilo linatuuma hadi leo.

MAFANIKIO

Mwaka jana daktari mmoja alipima kalsiamu ya shangazi, akashika kichwa, akatuita wote. Sasa ugonjwa wetu tunaujua kwa jina. Lile la mtaani nalo tumelizoea.

CHANGAMOTO

Tunaambiwa ugonjwa huu ni nadra, na ni kweli. Lakini haubagui mwanamume wala mwanamke, na kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Kwingine ni nadra. Mezani kwetu ni nusu ya viti. Wenzetu wako wangapi huko nje? Hatujui. Kwenye daftari la wagonjwa tunaandikwa "Mengineyo", na Mengineyo hakuna anayeyahesabu.

MAOMBI

Tulikuwa na ombi moja: tupewe mstari wetu katika daftari hilo.

La pili tumeliongeza kwa kalamu asubuhi hii. Kitindamimba wetu, mmoja wa wale tisa, amejifungua binti, ana siku tano. Tangu juzi mtoto anashtukashtuka, na ameanzishiwa dawa ya kifafa. Tulipoomba apimwe kalsiamu, daktari wa zamu alitujibu kwa upole, "Mama, huo ni ugonjwa nadra sana, hauwezi kuwa huo."

Dada yetu akamwambia, "Mwanangu, hao nadra ndio sisi."

Bado hajapimwa. Tunaogopa.

Mgeni rasmi, wodi ya watoto wachanga ni mlango wa tatu kushoto. Chai yako tutaifunika. Tunakuomba uanzie huko.

Mungu akubariki, akuzidishie afya na usikivu.

Ni sisi, Mikono ya Birika,
watu tisa, pengine kumi.