Kofia Ambayo Profesa Penalva Hajaivua

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kuwapinga wanafunzi wa seminari yetu hapa Braga, Profesa Evaristo Penalva anastaafu tarehe 30 Juni. Kazi ya kumwandikia maneno ya kumuaga nimepewa mimi, Telmo, fundi wa mabomba, kwa sababu mapadre wangeandika vizuri mno na nyote mngesinzia.

Kila Ijumaa baada ya chakula, mwanafunzi mmoja husimama kuthibitisha kwamba Mungu yupo. Profesa hukaa kwenye kiti cha mpinzani, kofia nyeusi ya seminari kichwani. Desturi ya nyumba hii ni kwamba mpinzani akiridhika na jibu, anaivua. Yeye hajaivua hata mara moja.

Msidhani anafurahia. Tangu amzike mkewe, Dona Ondina, huwaambia wanafunzi mlangoni, "Leo nishindeni, wanangu. Mungu akiwepo, huenda na Ondina yuko mahali." Kisha anaketi na kuwachambua bila huruma, maana jibu la kubebwa halimsaidii.

Aliyesema kila kinachosogea kimesukumwa na kingine, kwa hiyo lazima awepo msukumaji wa kwanza, aliulizwa kwa nini msururu huo usirudi nyuma bila mwisho. Na kama una mwanzo, nani kasema huyo wa mwanzo anatujua kwa majina? Aliyesema Mungu ni mkamilifu, na mkamilifu hawezi kukosa kuwepo, aliambiwa amfikirie samaki mkamilifu kwenye sahani yake. Na mimi nilifikiria, tena kwa bidii kuliko wote. Yakaja maharage.

Mwingine akasema ulimwengu umepangika, basi una fundi. Profesa akanyoosha kidole kwenye bomba lililokuwa likituvujia. "Hilo nalo lina fundi. Yule pale, Telmo. Nani yuko tayari kumwabudu?" Nilinyoosha mkono mwenyewe. Sikuungwa mkono.

Ijumaa iliyopita, ya mwisho kwake, alisimama Baltasar, kijana mpole wa milimani.

"Profesa, mwili unaona kiu kwa sababu maji yapo. Wewe umekuwa na kiu miaka yote hii. Kiu ya nini, kama hakuna kitu?"

Mkono wa Profesa ukapanda mpaka ukingoni mwa kofia. Ukakaa pale.

"Kila asubuhi naweka vikombe viwili mezani," akasema. "Kama kutamani kungetosha, kwa ninavyomtamani Ondina angekuwa ameshakuja." Mkono ukashuka. "Bado, mwanangu. Lakini hakuna aliyewahi kunifikisha hapa."

Alipotaka kuitundika kofia ukutani, Padre Amílcar, mkuu wetu, alimzuia. "Nenda nayo, Evaristo. Haijamaliza kazi."

Profesa, asante kwa kutotudanganya, hata siku ulizotamani sana kudanganywa. Bomba nimelitengeneza, linavuja kidogo tu. Kiti chako hakuna atakayekikalia, nitahakikisha mwenyewe. Nasi tunakuombea asubuhi moja, ukimimina kahawa kwenye vikombe vile viwili, ujishike kichwani ukute kofia haipo, wala hukumbuki uliivua saa ngapi.